Manowari Petard na msafara uliotoka Mombasa

Petard ilikuwa distroya ya Uingereza, manowari ya kusindikiza, iliyoshushwa majini Machi 1941 na kuanza kazi Juni 1942. Manowari za aina hiyo ziliandamana na meli za mizigo na za askari, zikizisaka nyambizi kwa mitambo ya sauti na kuzipiga kwa mabomu yanayolipukia chini ya maji.

Usiku wa 30 Oktoba 1942, nje ya pwani ya Misri, Petard na wenzake waliibua nyambizi ya Kijerumani U-559. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani wakatoa vitabu vya siri, wakampokeza Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyehudumu kantini. Nyambizi ilizama na Fasson na Grazier. Vitabu hivyo viliwasaidia Waingereza kufumbua tena ujumbe wa nyambizi za Ujerumani, na ndivyo vilivyoipa Petard jina huko Ulaya.

Kwa Afrika Mashariki, habari yake nzito ni nyingine. Februari 1944 msafara KR 8 uling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, meli tano za abiria zikilindwa na manowari Hawkins, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail, mojawapo ya meli hizo tano, walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Wengi walikuwa vyumba vya chini, hawakupata hata nafasi ya kukimbilia sitahani.

Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Nahodha Rupert Egan wa Petard alikuwa na meli nyingine nne za kulinda. Aliamuru mabomu yatupwe, na baadhi ya waliookoka topido wakafa kwa mishindo yake. Ni uamuzi mchungu, lakini kuiacha I-27 kungehatarisha maelfu. Ilipoibuka, Paladin ilijaribu kuigonga ikapasuka ubavu. Mizinga ya Petard ilishindwa kuitoboa nyambizi, na manowari hiyo ikafyatua topido moja moja hadi ya saba ilipoizamisha.

Walikufa karibu watu 1,300. Waliookolewa walizidi 200 kidogo tu. Askari wa nchi kavu waliopotea wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, Nairobi. Petard ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1967.