Ugomvi Kazini: Tusimtazame Mtu Mmoja Peke Yake

Wanachama wetu wanajua kuwa karafuu haimngoji mtu. Tumba likishajaa na kuanza kuwa jekundu, siku za kulichuma ni chache. Likichanua, thamani yake imekwisha shuka. Kwa sababu hii, ugomvi baina ya watu wafanyao kazi pamoja ni hasara kubwa kwetu. Mwenye shamba na msimamizi wake wakinuniana siku tatu tu wakati wa mavuno, wachumaji hutawanyika kwenda mashamba mengine, na tumba haziwangoji warudi.

Basi tumeona yafaa kueleza katika kurasa hizi elimu moja iliyoanzia Marekani. Elimu hii ilianza kwa kuwatazama watu wa nyumba moja, na baadaye ikaonekana kuwa yaweza kutumika pia katika ofisi, skuli na vyama. Yaitwa nadharia ya mfumo wa familia.

Mwanzo wake ni huu. Daktari Murray Bowen, aliyezaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Tennessee, alikuwa tabibu wa maradhi ya akili. Toka mwaka 1954 mpaka 1959 alifanya uchunguzi katika taasisi ya serikali huko Bethesda, karibu na mji wa Washington. Desturi ya matabibu wengi wakati ule ilikuwa kumtibu mgonjwa peke yake. Yeye aliwaweka hospitalini wagonjwa pamoja na mama zao, na baadaye akawaleta na baba na ndugu, akawa anawatazama wanavyoishi siku hata siku. Aliona kuwa wasiwasi wa mmoja huhamia kwa mwingine, na kwamba huwezi kuufahamu mwenendo wa mtu vizuri mpaka uutazame na mwenendo wa wale walio karibu naye. Siku hizi matabibu hawasemi kuwa jamaa ndio wanaoleta maradhi yale ya akili. Lakini yale aliyoyaeleza Bowen juu ya namna watu wanavyovutana yamebaki, na yanatumika.

Kutoka mwaka 1959 Bowen alisomesha katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, mpaka alipofariki mwaka 1990. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 alieleza kuwa mambo yale yale ya nyumbani huonekana pia katika utawala wa kazi. Mwanafunzi wake mmoja, Edwin Friedman, aliyekuwa rabi, yaani mwalimu wa dini ya Mayahudi, alitoa kitabu mwaka 1985 kuonyesha kuwa jumuiya za ibada nazo hugombana na kupatana kama watu wa nyumba moja.

Neno lenyewe, mfumo, latusaidia kufahamu. Latokana na kufuma. Katika kitu kilichofumwa, ukivuta uzi mmoja, nguo yote hujikunja. Na pengine pale palipojikunja si pale ulipovuta. Ndivyo ilivyo kazi ya watu wengi. Sisi tumezoea kusema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza, kwa hivyo tukiona taabu twamtafuta yule samaki mmoja tumtupe. Wataalamu hawa wasema: mtazame samaki, lakini litazame na tenga, na mahali lilipowekwa. Ikiwa tenga liko juani, ukimtupa mmoja leo, kesho ataoza mwingine.

Tutoe mfano. Tuseme chama kina karani wa mizani. Wanachama wanamlalamikia, anaondolewa. Anakuja wa pili, mtu mwingine kabisa, na malalamiko ni yale yale. Anakuja wa tatu, naye vile vile. Hapo yafaa kamati ijiulize: je, watu watatu wote ni wabaya, au kile kiti ndicho kibaya? Pengine mwenyekiti na mshika fedha hawasemezani tangu zamani, na mmoja humwamuru karani hivi na mwingine vile. Karani amesimama katikati, na kila afanyalo ni kosa. Ugomvi ni wa wakubwa, lakini anayeumia ni kijana aliye kwenye mizani, na jina linaloharibika ni lake.

Jambo hili Bowen aliliita pembetatu. Alisema kuwa watu wawili, wakiingiwa na wasiwasi baina yao, hawakai wawili kwa muda mrefu; humvuta wa tatu. Mwenye shamba amekasirishwa na msimamizi kwa sababu karafuu zilizochanganyika na makonyo zimeanikwa. Badala ya kumwambia msimamizi mwenyewe, amwambia mchumaji mkongwe. Moyo wake wapoa kidogo. Lakini sasa mchumaji ana mzigo usio wake. Naye huutua kwa wenzake wakati wa kuchambua, na kabla ya magharibi shamba zima limegawanyika pande mbili. Sisi kwa lugha yetu twaiita fitina, na twafikiri kuwa yaletwa na mtu mwenye moyo mbaya. Elimu hii yatufundisha kuwa hata watu wema huiingia bila ya kujua, kwani kila mmoja anatafuta kupunguza uzito wake.

Jambo la pili ni la mtu mmoja kufanya kazi za wote. Katika vyama vingi yupo katibu hodari: yeye ndiye aandikaye barua, yeye ndiye afuataye mbolea na miche, yeye ndiye mwenye funguo. Watu humsifu. Lakini tazama vizuri: kadiri afanyavyo yeye, ndivyo wenziwe wanavyolegea, na kadiri wanavyolegea, ndivyo anavyozidi kufanya na kunung'unika. Hapana mmoja aliyeianza hali hii peke yake, wanaiendesha pamoja. Siku katibu akiugua, chama husimama. Dawa si kuwakemea wavivu tu. Ni katibu naye kuacha baadhi ya kazi, na kuvumilia kuziona zikifanywa vibaya mpaka wenziwe wajifunze.

Jambo la tatu ni kukata mguu. Mwanachama akiudhika huacha kuja mikutanoni, na husema kuwa amepumzika. Bowen aliona kuwa kukimbia hakumalizi jambo. Aliyekata mguu huchukua hasira yake kwendako, na chama alichokiacha nacho hubaki na kidonda. Ndiyo maana hutokea watoto wa wanachama wakarithi uadui ambao hawajui hata ulianza kwa jambo gani.

Sasa mkubwa wa kazi afanye nini? Wataalamu hawa hawasemi awageuze watu. Wasema aanze na sehemu yake mwenyewe, kwani hiyo ndiyo aliyo na amri nayo. Akiwa na neno na mtu, amwambie yeye mwenyewe, kwa upole na kwa wazi. Mtu akimletea habari za mwingine, amsikilize, kisha amwulize, "Umemwambia mwenyewe?" Asichukue upande, lakini pia asijitenge, aendelee kuzungumza na pande zote mbili. Na mambo yakiwaka moto, yeye asiongeze kuni. Friedman alisisitiza sana kuwa utulivu wa kiongozi huenea kwa watu kama vile wasiwasi wake unavyoenea.

Lakini ajue kuwa hatashangiliwa. Bowen alieleza kuwa mtu akianza kusimama kwa namna mpya, wenziwe humpinga kwa hatua tatu: kwanza humwambia, umekosea, pili, rudi kama ulivyokuwa, tatu, usiporudi utaona. Akirudi nyuma au akigombana nao, hali ya zamani itashinda. Akishika msimamo wake bila ya kuwachukia, baada ya muda nao hujipanga upya. Wengi hushindwa katika hatua ya tatu, wakadhani kuwa ushauri wenyewe ulikuwa mbaya.

Hata hivyo twataka kuonya mambo mawili. La kwanza, elimu hii si kifuniko cha kosa. Mtu akiiba karafuu, au mizani ikipunjwa, hilo ni kosa la kuchunguzwa na kuhukumiwa, wala si la kusemwa kuwa ni mfumo tu. La pili, kazi si jamaa. Mtoto hafukuzwi kwa kukosa mapato, lakini mchumaji aweza kuachishwa kazi siku yoyote. Naye hapandi mkarafuu kwa mapenzi ya nyumba, apanda kwa ujira, na akianguka ni yeye avunjikaye mguu. Tajiri anayewaambia wachumaji wake, "Sisi hapa ni jamaa moja," kisha akachelewesha malipo yao, anatumia neno zuri kwa kazi mbaya. Mara nyingi ugomvi unaodhaniwa kuwa ni wa tabia ni wa malipo tu, na dawa yake ni kulipa.

Kwa hivyo twashauri kila kamati ikutane kabla ya msimu na ijiulize maswali matatu. Ni nani kati yetu wasiosemezana, na ni nani anayebeba maneno yao? Ni kazi gani iliyomwangukia mtu mmoja? Na ni mwanachama gani aliyekata mguu, ambaye hapana aliyekwenda kumjulia hali? Wale wasiosemezana wakalishwe pamoja, wao kwa wao, wala wasitumiwe mjumbe. Kazi ya mtu mmoja igawanywe, na majina ya waliopewa yaandikwe. Na yule aliyekata mguu aendewe nyumbani kwake sasa hivi, kabla majamvi hayajatandikwa, kwani mavuno yakianza hapana atakayepata nafasi ya kwenda.