Kompyuta moja, bando la mwalimu

Unakumbuka ile ahadi ya vipakatalishi ya 2013? Kama ulikuwa shule ya msingi, najua ulishapiga hesabu ya gemu utakazoweka. Kuanzia 2016 serikali ikasambaza vishikwambi, zaidi ya milioni moja, masomo yakiwa yamewekwa ndani tayari. Sasa pitia shule iliyo karibu na kwenu uulize viko wapi. Usishangae ukiambiwa viko kwa kabati la mwalimu mkuu, na kufuli juu.

Twende Njoro, kaunti ya Nakuru. Pale Keriko Mixed Day, mwalimu wa hesabu na fizikia, Peter Tabichi, alikuwa na kompyuta moja kwa shule nzima. Moja, msee! Mtandao nao ulikuwa wa kubahatisha, na kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58 hivi. Alichofanya ni kwenda saiba, kutafuta anachotaka kufunza, kukipakua, halafu kuwaonyesha wanafunzi darasani bila kuhitaji mtandao. Machi 2019 akatuzwa Global Teacher Prize kule Dubai, dola milioni 1.

Ona vile alitumia intaneti. Hakuwaachia wanafunzi mtandao wajitafutie. Alichagua yeye. Mwalimu anaweza kuchora moyo ubaoni kwa chaki hadi kengele ilie, lakini video ya dakika mbili ya moyo ukidunda, akiisimamisha katikati na kuuliza, "Damu hii sasa inaenda wapi?", hilo ni somo. Mpe kila mtoto simu na Wi-Fi bila swali hilo, na baada ya dakika tano wote wako TikTok. Usijifanye, hata wewe.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na mengi ninayojua nimeyatoa YouTube. Lakini YouTube hukujibu ulichouliza tu. Kujua cha kuuliza nilifunzwa na mtu aliyesimama mbele ya darasa.

Shida ni kwamba bando la huyo mtu hutoka mfukoni mwake. Tabichi alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wengine, lakini yeye ni mtawa Mfransisko. Mwalimu wa kodi na watoto watatu atatoa wapi? Wazazi nao wanalipa kivyao: muulize mama yeyote aliyepiga foleni saiba saa moja jioni kuprinti picha za CBC. Kabla mtu atuahidi vifaa vingine, anunulie kila shule projekta moja na amlipie mwalimu bando. Ni bei rahisi kuliko vishikwambi vya kufungiwa.

Na kama bado una namba ya mwalimu wako wa zamani, mtext umuulize wiki ijayo anafunza nini. Ile flashi ya 8GB iliyolala kwa droo yako inabeba klipu fupi mamia, na wewe Wi-Fi ya kazini unayo.