Mwezi wa Wasomaji: Yusuf Wawili Katika Shaaban Moja ya Mazimbu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, wema waliotangulia walikuwa wakiuita mwezi wa Shaaban mwezi wa wasomaji. Kauli hiyo imepokewa kutoka kwa Salama bin Kuhayl, na maana yake ni kwamba watu walianza mapema kuzizoesha ndimi zao Qur'an ili Ramadhani isiwakute wazito. Sisi Shaaban iliyopita tuliipitisha hapa Mazimbu kwa azma ndogo. Baada ya Alfajiri tulisoma aya chache za Sura Yusuf pamoja na tafsiri, na baada ya Isha tulisoma riwaya ya Peponi, ambayo ni tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yenyewe aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, naye Ida Hadjivayanis akaifasiri, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Hatukuviweka vitabu hivyo viwili katika daraja moja, hasha. Kimoja ni maneno ya Mola na kingine ni kazi ya mja. Lakini kijana wa riwaya ile naye anaitwa Yusuf, naye ni mzuri wa sura, naye anatengwa na wazazi wake akiwa mdogo na kuishia katika nyumba ya tajiri. Mwandishi ameyafanya hayo kwa makusudi, na msomaji aliyelelewa katika chuo cha Qur'an huyatambua mapema kuliko wahakiki wa Ulaya.

Mahali penyewe palitusaidia kusoma. Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge kabla ya Serikali ya Tanzania kuwapa eneo hilo wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini mwaka 1977. Mwaka uliofuata wakaanzisha shule, iliyokuja kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976, na wengi wao waliwaacha wazazi bila kujua kama wataonana tena. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wale ambao hawakurejea kwao yangalipo, na Milima ya Uluguru inaonekana kwa mbali. Anayeisoma habari ya Yaakub (A.S.) kumlilia mwanawe hadi macho yake yakaingia weupe hahitaji kwenda mbali hapa kutafuta mfano.

Sura Yusuf ina aya 111. Katika aya ya 20 tunaambiwa kwamba aliuzwa kwa thamani duni, dirhamu za kuhesabika. Aya inayofuata ndiyo iliyotusimamisha siku tatu. Mnunuzi wa Misri anamwagiza mkewe amtunze vyema kijana huyu, kwani huenda akawafaa, au wakamfanya mtoto wao. Tazama jinsi maneno hayo yalivyo mazuri, na tazama kwamba aliyeyasema ametoka sokoni kununua mtu! Wema wa bwana yule ni wa kweli, na Qur'an haiukatai. Hata hivyo, kijana hakuwa na hiari ya kuondoka.

Gurnah ameingia kwa mlango huohuo. Baba yake Yusuf wa riwaya anadaiwa na mfanyabiashara aitwaye Aziz, na mtoto wa miaka 12 anachukuliwa kuwa rehani ya deni. Yeye mwenyewe haambiwi. Anadhani amekwenda kukaa na ndugu wa baba yake, maana ndivyo alivyozoea kumwita mgeni yule mwenye kunukia. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kabla yake, ambaye humwambia kwamba huyu si jamaa yake na amwite Seyyid. Kwa maoni yetu hapo ndipo kiini cha kitabu kizima: jina la udugu lilitumika kuufunika utumwa.

Nasi tunayo majina yetu. Katika nyumba nyingi za miji yetu yumo binti aliyetoka kijijini, naye huitwa “dada”. Ni jina jema, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika Hadithi ya Abu Dharr iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amewaita watumishi kuwa ni ndugu zetu. Lakini ndani ya Hadithi hiyohiyo akaweka masharti: wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasibebeshwe wasiyoyaweza. Tena katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu atakaoshindana nao Siku ya Kiyama, akiwamo aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akaifaidi kazi yake asimpe ujira. Wawili hao wamewekwa bega kwa bega. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 14, na bado huyo ni mtoto mwenye haki ya kusoma. Mwenye kumwita binti “dada” na mshahara akampelekea mjomba wake, ajiulize udugu huo ni wa namna gani.

Turudi katika riwaya. Ipo sehemu iliyotuchekesha na kutuuma. Yusuf yuko bara, nyumbani kwa Hamid na Maimuna, Ramadhani inaingia, ndipo wenyeji wanagundua kwamba kijana hajui kusoma Qur'an. Anapelekwa chuoni akakae na watoto wadogo. Humo humo yumo Kalasinga, Singasinga fundi wa magari, anayetangaza kwamba ataifasiri Qur'an kwa Kiswahili, na rafiki yake Hamid anamcheka. Jambo hilo si la kubuni tupu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya Zanzibar. Ikafuata ya Waahmadiya mwaka 1953. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki walipata ya kuitegemea mwaka 1969, Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipokamilisha Qurani Takatifu, na mwaka 1995 ikaja ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Sisi tuliisoma ya Farsy, kwa kuwa maelezo yake ya chini ya ukurasa ni kama mwalimu aliyeketi pembeni.

Wazazi watatuuliza: je, Peponi ni kitabu cha kuwapa watoto? Wadogo, hapana, kwani yamo mambo ya watu wazima. Vijana waliokwisha kumaliza shule wapeni, lakini pamoja na Sura Yusuf. Kanzu inachanwa nyuma katika visa vyote viwili, ila Yusuf wa Gurnah hafikii kushika hazina za Misri wala kuwasamehe ndugu zake.

Ama muziki, ulikuwapo. Morogoro ndiyo mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali nchini Kenya mwaka 1979. Redio ya jirani haikuacha kutukumbusha. Wanazuoni wengi wamekuwa wakali juu ya ala za nyuzi na za kupuliza, huku wakiruhusu dufu katika harusi na Idi. Imamu Ghazali katika Ihyaa aliitengea kitabu kizima habari ya kusikiliza na akaiwekea masharti, na ukurasa huu hautaumaliza mjadala huo. Alfajiri tulimsikiliza Sheikh Abdul Basit Abdus Samad akiisoma Sura Yusuf, na hiyo bila shaka si muziki. Usiku, kaswida.

Kaswida ndiyo iliyotufunulia jambo. Binti wa miaka 19 anayetusaidia kazi, mwenyeji wa Uluguru, alikuwa akiosha vyombo huku akiifuatiliza, na pale kanda ilipokosea kwa kuruka yeye hakukosea. Tulipomuuliza alisema alikuwa amefika Juzuu Amma chuoni kijijini, kisha akaja mjini kufanya kazi. Kuanzia juma la tatu la Shaaban alikaa nasi baada ya Alfajiri, na aya za mwisho za Sura Yusuf alizisoma yeye, taratibu, kidole kikiwa juu ya mstari. Sasa kuanzia saa tisa alasiri hadi Magharibi yuko madrasa. Vyombo vya mchana huoshwa na wanetu wa kiume, wanaolalamika sana, na yeye ameshaanza Yasini.