Je, Wajua? Kambare wa Kilo 68 wa Mto Semliki

Je, wajua kwamba samaki aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita anaweza kukadiriwa uzito leo? Kinachotakiwa ni pingili ya uti wa mgongo, kipande cha fuvu, au ule mwiba mgumu wa pezi la kifuani, pamoja na mfupa kama huohuo wa samaki wa siku hizi aliyekwisha pimwa. Iweke miwili bega kwa bega, utajua kama samaki wa kale alikuwa kitoweo cha mtu mmoja au cha kijiji.

Wa Katanda alikuwa wa kijiji. Katanda iko kwenye kingo za mto Semliki, mashariki mwa Kongo, kilomita chache tu kutoka pale mto unapoliacha Ziwa Edward. Katika miaka ya 1980 wanaakiolojia Alison Brooks na John Yellen walichimba hapo wakakuta mifupa mingi ya kambare, baadhi yao wakikadiriwa kufika kilo 68. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, uongezee kilo 18 juu yake. Wataalamu wa Smithsonian, Marekani, wanasema samaki mmoja wa aina hiyo angetosha kulisha watu 80 kwa siku mbili.

Na silaha iliyomuua ilikuwa palepale: chusa. Kimechongwa kwa mfupa, upande mmoja una meno yaliyoelekea nyuma, ili samaki akijivuta kikazidi kumshika. Kwenye kitako kuna mifuo ya kufungia kamba au mpini. Aliyekichonga hakuwa na kisu cha chuma. Alikuwa na jiwe, na subira ambayo mimi binafsi naistaajabia kuliko ukubwa wa samaki.

Sasa umri. Mchanga uliofunika vyusa ulipimwa kujua mara ya mwisho uliona jua lini, na meno ya viboko yaliyokuwa humo yakapimwa kwa athari ya mnururisho wa ardhini. Jibu likaja: miaka 90,000 hivi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 wapo wanaakiolojia waliokataa, kwa sababu vyusa vya mfupa vinavyojulikana Ulaya havizidi miaka 20,000. Ubishi ule naona ulitokana pia na mazoea ya kudhani kwamba kila ufundi wa maana ulianzia kwingine. Mchanga wa Semliki haukuwa na mazoea hayo.

Waswahili wakitaja nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo husema ni ya kambare: baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu. Pale Katanda watoto hawakuonekana; mifupa ni ya samaki wazima. Hiyo ni dalili ya msimu. Mvua zikianza, kambare wakubwa hupanda kwenye maji ya kina kifupi kutaga mayai, migongo ikakaribia kuonekana. Wavuvi wale waliijua kalenda hiyo, wakafika na vyusa mkononi.

Jirani hapo, Ishango, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Wengi huutaja kwa ajili ya hisabati. Ni wachache wanaokumbuka kwamba waliouchonga nao waliishi kwa samaki, na vyusa vyao vimekutwa hapohapo.

Sangara naye ana yake. Kandokando ya Ziwa Turkana mifupa yake, pamoja na vyusa, hukutwa nchi kavu mbali na maji, kwa kuwa miaka 9,000 hivi iliyopita ziwa lilijaa kuliko leo. Na kule Esna, kusini mwa Misri, mji ambao Wagiriki waliuita Latopolis kwa jina la samaki huyo, sangara walizikwa wamefungwa vitambaa vya kitani, kwa heshima ya mungu wa kike Neith. Wapo wadogo kama kidole, wapo wa zaidi ya mita moja.

Ukinunua kambare sokoni, papasa ule mwiba wa pezi la kifuani: ukingo wake una vijino kama msumeno. Ukikatwa kipande chembamba na kuwekwa chini ya hadubini, ndani kuna duara juu ya duara kama za shina la mti. Wataalamu wa uvuvi huzihesabu ili kujua samaki ameishi miaka mingapi.