Mzigo usipofika Mpanda: Haki za abiria na hatua za kuchukua

ABIRIA anayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Mpanda, mkoani Katavi, na kukuta begi lake halimo miongoni mwa mizigo iliyoshushwa, hana budi kufanya jambo moja kabla ya mengine yote: asitoke uwanjani hadi taarifa yake iandikwe.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Tofauti na Mwanza, ambako ndege hutua mara kadhaa kwa siku, mzigo wa Mpanda uliokosa ndege hulazimika kusubiri safari inayofuata. Kwa mgonjwa aliyeweka dawa ndani ya begi, au mtumishi anayekwenda kuripoti kazini na vyeti vyake, kuchelewa huko si jambo dogo.

Sababu za mizigo kuachwa ni kadhaa. Ndege za mapangaboi aina ya Dash 8-Q400, ambazo Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) huzitumia katika njia za mikoani, hubeba abiria 76 na zina ukomo wa uzito. Uzito ukizidi, mizigo ndiyo hupunguzwa. Sababu nyingine ni muda mfupi wa kubadilisha ndege, pamoja na kibandiko kisicho sahihi. Kibandiko cha mzigo wa Mpanda kinapaswa kuonyesha herufi NPY, ambazo ndizo alama ya kimataifa ya uwanja huo. Kikiandikwa DAR, mzigo utaishia Dar es Salaam.

Mzigo usipoonekana, abiria ampelekee ofisa wa shirika la ndege kipande cha kibandiko alichopewa wakati wa kukabidhi mzigo, chenye namba 10, pamoja na tiketi na kadi ya kupandia ndege. Atajaziwa fomu ya mzigo uliokosekana, ijulikanayo kwa kifupi kama PIR, yenye namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ndiyo hutumika kuufuatilia mzigo, na mashirika mengi hutumia mfumo wa kompyuta uitwao WorldTracer. Abiria ataje rangi ya begi, aina yake, vilivyomo na simu anayopatikana.

Kwa safari za kimataifa, haki za abiria zimo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kwa mujibu wa mkataba huo, malalamiko ya mzigo ulioharibika huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Mzigo usiofika baada ya siku 21 tangu tarehe uliyopaswa kufika huhesabiwa umepotea. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2.

Tangu Desemba 28, 2024, ukomo wa fidia ni SDR 1,519 kwa kila abiria, yaani takribani dola 2,000 za Marekani. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Hata hivyo, kiasi hicho ni kikomo tu. Si malipo ya moja kwa moja. Abiria hulipwa kwa kadiri ya hasara anayoithibitisha, hivyo stakabadhi za nguo na mahitaji aliyonunua wakati akisubiri zitunzwe. Aidha, shirika linaweza kukwepa dai la ucheleweshaji likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua iliyostahili.

Aina ya tiketi nayo ina uzito wake. Anayetoka Dubai hadi Mpanda kwa tiketi moja analindwa na mkataba huo hadi mwisho wa safari, hata kama kipande cha mwisho ni cha ndani ya nchi. Aliyenunua tiketi mbili zisizohusiana hulazimika kuuchukua mzigo Dar es Salaam na kuukabidhi upya. Na kwa kipande cha ndani ataongozwa na sheria za nchi na masharti ya shirika yaliyomo katika tiketi.

Asiyeridhika na majibu ya shirika anaweza kufikisha lalamiko lake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), au kwa baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo, TCAA-CCC.

Pamoja na hayo, kinga ni bora kuliko tiba. Dawa, fedha, vyeti, funguo na nguo za siku moja zikae katika mkoba wa mkononi. Jina na namba ya simu viandikwe ndani na nje ya begi, na picha yake ipigwe kabla ya safari. Na pale kaunta, kabla begi halijaondoka machoni, abiria asome herufi tatu zilizo kwenye kibandiko.