Mhamiaji wa Afrika Mashariki na Ufundi wa Jeshi la Marekani

Tangu mwaka 1973, Marekani ilipoacha kuwaandikisha vijana wake jeshini kwa lazima, majeshi ya nchi hiyo yamekuwa yakijazwa na watu wanaojiunga kwa hiari, na ili kuwapata watu hao kila mwaka serikali hulazimika kushindana na waajiri wa kiraia kwa kutoa mshahara, matibabu, makazi na, jambo linalowavutia vijana wengi, nafasi ya kujifunza kazi ya ufundi bila kulipa karo. Mwito huo huwafikia pia Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliofika huko kwa bahati nasibu ya viza, kwa ndoa, kwa masomo au kwa njia ya ukimbizi, ambao wengi wao huanza maisha kwa kuhudumia wazee au kufanya kazi za maghala, ile hali ambayo Watanzania wamezoea kuiita kubeba maboksi. Kwa mtu aliyetoka kwao na cheti cha umeme au shahada ya kompyuta ambayo hakuna mwajiri anayeijali, sare ya jeshi huonekana kuwa njia fupi ya kurudi katika fani yake. Njia hiyo ipo kweli na wapo waliofaidika nayo, lakini hatua zake zina mfuatano, na anayeukosea mfuatano huo huweza kujifunga kwa miaka kadhaa katika kazi ambayo hakuikusudia.

Sheria ya Marekani huwaruhusu kujiunga na jeshi raia wa nchi hiyo, wenye ukaazi wa kudumu, yaani wale walio na grini kadi, pamoja na raia wa visiwa vichache vya Pasifiki vyenye mkataba maalumu na Marekani. Mwenye viza ya masomo haruhusiwi, wala mkimbizi ambaye bado hajapata kadi hiyo, ingawa mkimbizi anaweza kuiomba baada ya kukaa nchini mwaka mmoja. Kwa kipindi kilichoanza mwaka 2009 ulikuwapo mpango ulioitwa MAVNI, uliowapokea watu wasio na grini kadi endapo walikuwa na taaluma ya tiba au walijua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Mpango huo uliacha kupokea watu wapya mwaka 2016, na baadhi ya waliokuwa wamekwisha kutia saini walikaa miaka wakisubiri uchunguzi wao umalizike huku viza zao zikiisha muda. Habari zake bado husimuliwa katika jumuiya za wahamiaji kana kwamba mlango ungali wazi, na ni vyema ifahamike kwamba Kiswahili peke yake hakimwingizi mtu jeshini.

Kikwazo kinachowaumiza wengi zaidi, kwa kuwa hakionekani mapema, ni upekuzi. Kazi nyingi za kitaalamu katika jeshi la kisasa humweka mtu karibu na siri za serikali: fundi wa mitandao ya kompyuta huona mawasiliano ya makamanda, mlinzi wa mifumo dhidi ya wadukuzi hujua udhaifu wa mifumo hiyo, na mtaalamu wa rada hujua uwezo wa nchi wa kuona mbali. Kabla ya kupewa kazi kama hizo, askari huchunguzwa maisha yake, madeni yake, safari zake na jamaa zake walio nje ya nchi, kisha hupewa kibali cha usalama cha daraja linalolingana na siri atakazozishika. Amri ya rais ya mwaka 1995 inayosimamia vibali hivyo huvitoa kwa raia wa Marekani pekee, na asiye raia, hata akiwa na kipaji cha kupigiwa mfano, huweza kupata ruhusa finyu tu na kwa nadra sana. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye grini kadi, aliyehitimu kompyuta Nairobi au Dar es Salaam, anapofika mbele ya ofisa wa uandikishaji hukuta orodha ambayo kazi za kompyuta hazimo, na badala yake zimo ufundi wa magari, udereva wa malori, ugavi, upishi na kazi nyingine zisizohitaji kibali. Vilevile hawezi kuwa ofisa, kwa sababu kamisheni ya kawaida ya jeshi hutolewa kwa raia. Shahada yake, ikishathibitishwa kuwa inalingana na ya Marekani, humwezesha tu kuanza jeshi la nchi kavu akiwa na cheo cha juu kidogo kuliko kuruta wa kawaida.

Hapo ndipo suala la uraia linapochukua nafasi ya kwanza. Kwa njia ya kawaida, mwenye grini kadi husubiri miaka 5, au 3 ikiwa ameoa au ameolewa na raia, kabla ya kupewa uraia. Lakini amri iliyotolewa na Rais George W. Bush mwezi Julai 2002 iliwafungulia njia ya haraka wanaotumikia jeshi katika kipindi kilichoanza tarehe 11 Septemba 2001, hivyo kwamba askari anaweza kuomba uraia bila kutimiza miaka hiyo na bila kulipa ada, mradi jeshi lithibitishe kwamba anatumikia kwa heshima. Wapo ambao hula kiapo cha uraia karibu na siku ya kuhitimu mafunzo ya awali. Hata hivyo, kasi hiyo haibadilishi kazi iliyokwisha kuandikwa katika mkataba: aliyeingia kama mpishi huwa raia akiwa mpishi, na kuhamia fani nyingine hutegemea nafasi zilizopo, alama zake na ridhaa ya jeshi, mara nyingi wakati wa kuongeza mkataba. Zaidi ya hayo, uraia uliopatikana kwa njia hii unaweza kufutwa ikiwa askari ataondolewa jeshini kwa utovu wa heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi.

Uraia nao una gharama isiyolingana kwa watu wote wa Afrika Mashariki, na jambo hili linastahili kufikiriwa nyumbani, pamoja na wazazi na ndugu, kabla halijafikiriwa katika ofisi ya jeshi. Kenya iliruhusu uraia pacha katika katiba yake ya mwaka 2010, kwa hiyo Mkenya anaweza kuwa Mmarekani na kubaki Mkenya, ingawa katiba hiyohiyo haimruhusu mwenye uraia wa nchi mbili kuwa katika jeshi la Kenya. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na Mtanzania anayechukua uraia wa Marekani kwa hiari hupoteza ule aliozaliwa nao, akawa mgeni pia mbele ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa mwaka 2006, nayo husema kwamba uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Mtu ambaye baba yake anamtarajia arudi kusimamia shamba la ukoo ana jambo zito la kupima, na ofisa wa uandikishaji, ambaye kazi yake ni kuleta idadi fulani ya watu, hana sababu ya kulijua wala kulitaja.

Kwa anayevuka hatua hizo, au ambaye tayari ni raia, mtihani unaoamua mengi huitwa ASVAB, nao hupima hisabati, ufahamu wa kusoma, msamiati, sayansi, elektroniki, mitambo na mengineyo. Sehemu nne za hisabati na lugha hutoa alama moja kuu, ambayo haionyeshi maswali mangapi yamejibiwa sawasawa bali nafasi ya mtahiniwa akilinganishwa na vijana wa Marekani: alama 31, ambayo kwa kawaida ndiyo ya chini kwa jeshi la nchi kavu, maana yake ni kwamba amefanya sawa na au vizuri kuliko asilimia 31 ya vijana hao. Alama za fani hukokotolewa kwa kuchanganya sehemu mbalimbali, na kila kazi ina kiwango chake. Msamiati wa Kiingereza ndio huwaangusha wengi waliosomea kwa Kiswahili au Kifaransa, hata wale ambao hisabati yao ni safi, na kwa kuwa alama ya msamiati huingia katika alama kuu, fundi hodari anaweza kukosa kazi anayoijua vizuri. Marudio yanaruhusiwa baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya mwezi mwingine, kisha kila baada ya miezi 6. Tangu mwaka 2022 jeshi la nchi kavu limekuwa na kozi ya maandalizi huko Fort Jackson, South Carolina, kwa ajili ya waliokaribia kiwango, lakini aliye na muda anafaidika zaidi kwa kusoma kwanza akiwa nyumbani, kwa sababu alama ya juu huongeza idadi ya kazi anazoweza kuchagua, na alama ya kutosha tu humwingiza mlangoni bila chaguo.

Mkataba wenyewe hauna budi kusomwa ukurasa kwa ukurasa. Wajibu wa anayejiunga kwa mara ya kwanza ni miaka 8, na sehemu yake, ambayo huweza kuwa miaka 3, 4 au 6, hutumikiwa kambini, na iliyobaki hupitishwa katika jeshi la akiba, ambako mtu anaendelea na maisha ya kiraia lakini anaweza kuitwa. Kazi aliyoahidiwa, posho ya kujiunga na kozi atakayosomeshwa ni lazima viandikwe katika viambatisho vya mkataba. Kilichosemwa kwa mdomo tu hakina nguvu, na mkataba hutamka hivyo wazi. Hata kilichoandikwa kina masharti, kwa kuwa anayeshindwa kozi ya fani yake hupangiwa kazi nyingine kwa mahitaji ya jeshi, na wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan askari wengi walizuiwa kuondoka baada ya muda wao kwisha. Kwa upande mwingine, wahamiaji wengi hawaelezwi kwamba anayeapa kiapo cha kwanza na kupangiwa tarehe ya kuondoka baadaye bado anaweza kubadili nia kabla ya siku hiyo, na huachiliwa bila adhabu. Vitisho vya kufungwa au kunyang'anywa grini kadi kwa sababu ya kujiondoa katika hatua hiyo havina msingi wowote wa kisheria.

Hata mkataba ukiwa mzuri, fundi wa jeshi ni askari kwanza. Tarehe 23 Machi 2003, katika siku za mwanzo za uvamizi wa Iraq, msafara wa kampuni ya 507 ya matengenezo, yenye mafundi, wapishi na makarani wa ugavi, ulipotea njia ukaingia mji wa Nasiriyah na kushambuliwa. Askari 11 walipoteza maisha, wengine wakatekwa, akiwamo mpishi Shoshana Johnson na karani wa ugavi Jessica Lynch. Kampuni yao haikuwa ya wapiganaji wa mstari wa mbele. Anayechagua jeshi kwa ajili ya spana au kompyuta anaapa kwenda anakotumwa na kutumia silaha akiamriwa, katika vita ambavyo hakuvichagua na ambavyo pengine dhamiri yake itavikataa, na hapaswi kujificha nyuma ya jina la kazi yake wakati wa kulifikiria hilo. Asiyeweza kulikubali kwa moyo wake wote ana njia nyingine za kupata ufundi, zikiwamo vyuo vya jamii, ambavyo ni vyuo vya miaka miwili vyenye karo ya chini, na mafunzo kazini yanayosimamiwa na vyama vya mafundi umeme na mabomba.

Faida zinazobaki baada ya utumishi ni kubwa kwa anayezipanga. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009 humlipia aliyetumikia miezi 36 karo yote ya chuo kikuu cha umma kwa miezi 36 ya masomo, pamoja na posho ya makazi, na kwa masharti ya kuongeza utumishi, haki hiyo huweza kuhamishiwa kwa mwenzi au mtoto. Hata hivyo, si kila kozi ya kijeshi hutambuliwa uraiani. Fundi wa ndege huweza kutumia uzoefu wake wa jeshi, angalau miezi 30, kuruhusiwa kufanya mitihani ya leseni kamili ya kiraia ya kukarabati fremu na injini, na fundi wa mitandao hutakiwa kupata vyeti kama Security+ ambavyo kampuni binafsi huvitambua, na kibali chake cha usalama humfanya atafutwe na kampuni zenye zabuni za serikali. Fundi wa vifaru au mizinga, ambaye huenda amejifunza mengi vilevile, hutoka na ujuzi ambao karakana za mitaani hazina pa kuutumia, na hulazimika kuanza karibu upya.

Kwa hiyo hesabu ya mhamiaji mwenye grini kadi anayetamani kazi za kompyuta au za siri hutegemea sana umri wake. Mwenye miaka 22 hapotezi kitu akitimiza kwanza miaka 5 ya ukaazi huku akisoma chuo cha jamii na kuboresha Kiingereza chake, kisha akaenda jeshini akiwa raia, na orodha yote ya kazi ikiwa wazi mbele yake. Aliyekaribia ukomo wa umri wa kuandikishwa, unaotofautiana baina ya jeshi moja na jingine, hana muda huo, na kwake lililo bora ni kuchagua katika kazi zilizo wazi kwa asiye raia ile yenye soko uraiani, kama ufundi wa magari, kutia saini muda mfupi kadiri inavyowezekana, kuomba uraia akiwa bado katika mafunzo, na kuwasilisha ombi la kubadilishiwa fani kabla ya kukubali kuongeza mkataba, kwa maana wakati huo jeshi nalo huwa na sababu ya kumsikiliza.