Mchango mkubwa huvunja safari za marafiki wa chuo

Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) waishio Dar es Salaam wamerahisishiwa safari ya kurejea Morogoro mwishoni mwa wiki kukumbukana. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria Juni 2024, mwendo huo wa kilometa zipatazo 200 huchukua takriban saa mbili.

Hata hivyo, mara nyingi kinachovunja safari hizo si umbali, bali mchango. Miongoni mwa waliogawana sahani moja ya wali bwenini, leo mmoja ni meneja na mwingine hana ajira. Kiwango kikipangwa kwa kipimo cha mwenye nacho, asiye nacho hasemi kwamba hana. Husema ana udhuru. Baada ya udhuru wa tatu, haalikwi tena.

Ili kuepuka hali hiyo, inafaa gharama zitangazwe miezi kadhaa kabla na malipo yapokewe kidogo kidogo kwa simu. Aidha, mweka hazina asisambaze majina ya wanaodaiwa. Nauli na malazi vigawanywe sawa, vinywaji kila mtu ajilipie, na mwenye uwezo wa kuongeza amkabidhi mweka hazina kimya kimya.